Sisi Huku Sote Hatujambo

Nilikuwa na daftari la jalada gumu ambalo kila ukurasa wake niliupiga mstari katikati. Kushoto Uingereza, kulia Marekani. Upande wa kushoto neno la rangi lilikuwa na herufi u ndani yake. Upande wa kulia ile u wenyewe wameitupa, labda kwa kuwa nchi yao kubwa na watu wana haraka. Waingereza huandika siku kwanza ndipo mwezi, Wamarekani mwezi mbele na siku nyuma. Muingereza akishamwita mtu mheshimiwa kwenye barua hutia mkato, Mmarekani hutia nukta mbili, moja juu ya mwenzake. Nilikuwa na miaka ishirini, nimesoma mpaka kidato cha pili, na daftari lile nikiliona kama mtu mwengine anavyoiona paspoti yake. Safari sikuwa nayo, lakini paspoti ninayo.

Asubuhi nilikuwa nikitoka kwetu Majengo kwa miguu mpaka Mji wa Kale, kwenye ofisi ya kupiga taipu niliyoajiriwa. Naiita ofisi kwa heshima. Ilikuwa chumba kimoja chini ya nyumba ya ghorofa, na dirisha lake lilikuwa chini sana hata wapita njia tukiwajua kwa viatu. Mwenye ofisi alikuwa karani wa mahakama aliyestaafu, na watu wote wakimwita Karani, hata mkewe. Watu walitujia na shida zao zimeandikwa kwa Kiswahili nyuma ya bahasha, au kwa Kiingereza cha kubahatisha: maombi ya kazi melini, maombi ya chuo, barua za ubalozi, barua za ndugu walioko London au Marekani. Karani alizipanga kwa Kiingereza, mimi nikapiga taipu, halafu tukazikagua pamoja.

Ukaguzi wenyewe ulikuwa na namna yake. Karani hakukubali barua isomwe kuanzia juu. Tulianza na sentensi ya mwisho, tukapanda moja moja mpaka ya kwanza, rula chini ya mstari.

"Maana ni tapeli, binti," alinambia siku ya kwanza. "Ukiifuata maana, macho hupita juu ya kosa kama mtu apitaye kwao. Kila sentensi ilete peke yake, kama mshitakiwa."

Basi ukawa ndio mchezo wetu. Yeye huketi nyuma ya meza, miwani kwenye ncha ya pua, na mimi huwaleta.

"Mshitakiwa wa kwanza!"

Nasoma sentensi ya mwisho.

"Ana kosa?"

"Hana, Karani."

"Aachiliwe. Mwengine!"

Wakati mwengine nilimkuta mmoja ana kosa la wakati uliopita, au mtendaji mmoja na kitendo cha watu wengi, nikasema, "Huyu asirudi nyumbani, Karani," naye akacheka mpaka miwani ikaanguka. Kiingereza chake kilikuwa cha Uingereza tupu. Upande wa kulia wa daftari langu aliuchukia, lakini barua za Marekani zilipozidi alisalimu amri. "Haya," akasema, "kila mgeni apewe chakula chake." Tangu siku hiyo barua ikienda Marekani, mimi ndiye niliyekuwa na neno la mwisho. Nilifurahi, mimi! Nikitembea kurudi Majengo naota nimekaa chumba chenye zulia, mji wa baridi, naletewa sentensi kwenye sinia kama kahawa, nionje niseme hii sawa, hii bado.

Nyumba ya nne kutoka ofisini alikuwa akikaa mama mmoja mjane na binti yake. Binti alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi, akishona kofia za vito, zile za kiume zenye matundu ya sindano, naye tukimwandikia barua zake. Nikimwita dada. Mamake nikimwita Mama, kama mtaa mzima ulivyomwita. Alianza kuniletea chakula cha mchana aliposikia nakula mkate mkavu, na alipoanza kuchoka ikawa mimi ndiye nampandia nacho.

Walikaa ghorofani. Ngazi zao zilikuwa za mbao, za zamani, zimeinama kama zinasikiliza kitu, na ya tatu kutoka chini ilikuwa imeliwa na mchwa. Kwa juu ilionekana nzima, lakini chini yake hamna kitu. Na Mama, hata awe jikoni, hata awe kwenye msala, alimsikia kila aingiaye mlangoni.

"Ruka ya tatu!"

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu ya nyumba ile. Hodi hujaimaliza, sauti imeshakushukia. Watoto wa mtaani walimwita kwa jina hilo kwa siri. Mwanamume mmoja mnene aliyekuja kusoma mita ya umeme alisimama pale chini akauliza, "Ya tatu kutoka wapi, Mama?" naye akamjibu, "Kutoka unaposimama, mwanangu, kwani wewe waingia kwa dari?"

Ngazi ile ilikuwa ikimngoja mwanawe. Alikuwa na mwana mmoja wa kiume, Marekani mwaka wa sita, akifanya kazi ghala la dawa katika mji wenye theluji. Alipoondoka ngazi ilikuwa nzima. Fundi alipokuja Mama alimfukuza. "Yuaja mwenyewe kuitengeneza," alisema. "Mikono yake yaijua nyumba hii." Yule kijana hakuwahi kupanda ngazi zile kwa kutembea, Mama alinambia, tangu utotoni ni mbio, na kelele "Mama, nimekuja!" utadhani katoka vitani, kumbe katoka chuoni.

Ugonjwa wa Mama ulikuwa wa tumbo. Mfungo ulipokwisha hospitali walimrudisha. Walisema apelekwe nyumbani akapumzike, na kwetu kila mtu ajua kupumzika huko ni kupi. Hakuna aliyelitamka. Ukipanda ukamuuliza "U hali gani, Mama?" alijibu "Sijambo, alhamdulillahi," na mkono aliokupa ulikuwa mwepesi kama ukuti. Lakini "Ruka ya tatu!" hakuiacha. Ilikuja ndogo kutoka kitandani, nawe husimama mlangoni ukaingojea ije, usimkoseshe.

Alitaka kitu kimoja tu: kumuona mwanawe.

Mwana alipiga simu duka lililo chini ya nyumba, dada akashuka kuipokea. Kuondoka kazini bila ruhusa ni kuipoteza kazi, na kazi ndiyo iliyoshika karatasi zake za kukaa kule. Msimamizi wake alikuwa tayari kumpa ruhusa, lakini ataka barua ya jamaa, ya Kiingereza, inayoeleza hali ya mama. Iletwe kwa faksi, hata kesho.

Dada akaja ofisini na nambari ya faksi ameiandika kwenye kiganja.

Nitasema kweli. Nilifurahi. Nilijua Mama anaumwa, nilikuwa nimetoka kumlisha uji asubuhi ile, na bado moyo wangu uliruka. Zile barua nyengine zilikwenda ubalozini, zikasomwa na watu waliozoea Kiingereza cha kila aina. Hii ilikuwa yaenda kusomwa na Mmarekani mwenyewe, kwao, mezani kwake. Nilifungua daftari kabla dada hajaketi.

"Tuandike vipi, dada?"

"Andika kama barua. Salamu kwanza." Akafikiri. "Na usiandike yu mgonjwa sana. Andika kidogo. Huyo bwana atamuonyesha ndugu yangu, na yuko peke yake kule. Akipata mshituko nani amshike?"

Karani akaitikia kwa kichwa. Ndivyo itakiwavyo. Habari nzito haipelekwi kwa barua, hupelekwa na mtu, naye huanza mbali, akakaribia taratibu. Na barua huanza kwa salamu, maana barua ni mgeni, na mgeni haingii bila hodi.

Tuliiandika asubuhi nzima. Kwa Kiswahili ingekuwa hivi. Mheshimiwa Bwana, nukta mbili. Ni matumaini yetu barua hii itakukuta katika afya njema. Sisi huku sote hatujambo, twamshukuru Mungu, hofu yetu ni kwako wewe uliye mbali na jamaa zako. Baada ya salamu, twakujulisha kwamba mama yetu siku hizi hajisikii vizuri kidogo, na angefurahi kumuona mwanawe, iwapo jambo hilo halitakuletea usumbufu wowote katika kazi zako. Majirani wote wanakusalimu.

Mwezi niliutia mbele ya siku. Ile u niliitoa kwenye majirani, nikaitoa kwenye hisani, nikaitoa kwenye heshima. Nilizihesabu herufi nilizozitoa kama mvuvi anavyohesabu kamba, na Karani alinitazama tu akitikisa kichwa. Halafu tukaanza kesi.

"Mshitakiwa wa kwanza!"

Majirani wote wanakusalimu. Hana kosa. Halitakuletea usumbufu: Karani aliona koma imekaa vibaya, tukaisogeza. Hajisikii vizuri kidogo: hana kosa. Tukapanda. Sisi huku sote hatujambo, twamshukuru Mungu.

"Ana kosa?"

"Hana, Karani."

"Aachiliwe."

Dada akaipeleka posta mwenyewe, kwenye mashine ya faksi. Nilisimama mlangoni nikamtazama anavyokwenda, buibui likipeperuka, na ile bahasha ameishika kifuani. Nikasema moyoni, barua nzuri kama hii sijapata kuitoa. Ilikuwa Jumatatu.

Mama nilimwambia siku ileile. "Barua imekwenda, Mama. Haina hata doa."

"Mungu akupe mume asiyekoroma," akasema, na akalala akitabasamu.

Jumanne ikapita, ikapita Jumatano. Kila simu ikilia duka la chini Mama hufumbua macho. Aliacha kula uji, akawa anakunywa maji ya mchele tu, vijiko vitatu, vinne. Alitaka nywele zake zisukwe, mwanawe asije akamkuta hivyo, na dada akamsuka huku kichwa kimelala mapajani mwake, kwa maana kukaa hakuweza. Jumatatu nyengine ikafika. Tulisema Marekani ni mbali. Tulisema ofisi kubwa zina mambo mengi. Mimi nilisema labda bwana yule anaisoma tena na tena.

Siku ya tisa mwana akapiga simu.

Dada aliingia ofisini bila salamu, na hilo peke yake lilinifanya nisimame.

"Mumeandika nini?" akauliza. Hakuniuliza mimi, hakumuuliza Karani. Aliiuliza ile mashine. "Bosi wake amemwita, amemwambia barua imekuja, yasema watu wote wazima. Amemuuliza kama anamchezea akili yake. Amemwambia asubiri likizo ya mwisho wa mwaka kama wenzake."

"Wote wazima?" nikasema. "Wapi tumesema wote wazima?"

Karani alikuwa ameshafungua faili ya nakala. Akaitoa ile ya kaboni, akaiweka mezani, akaiwekea rula. Halafu akaitoa rula. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliisoma barua kuanzia juu. Nilimwona midomo ikisogea. Alifika chini, akarudi juu, akavua miwani.

"Haina kosa," akasema. "Hata moja. Wallahi haina kosa hata moja."

Nikaichukua nikaisoma nami, kuanzia juu, kama mtu wa nje, mtu wa mji wa theluji asiyejua kwamba kwetu hata aliyelala kwenye jeneza, ukimuuliza, angejibu hajambo. Watu hawajambo. Wanamshukuru Mungu. Mama hajisikii vizuri kidogo, na angefurahi, kama si taabu. Hivyo ndivyo mtu aandikavyo kuhusu mafua.

"Si ndivyo barua inavyoanza?" nikauliza. Nilikuwa nalia. "Dada, si ndivyo barua inavyoanza?"

"Ndivyo," akasema. Hakunikasirikia. Ingekuwa afadhali.

Ilibidi iandikwe nyengine, siku ileile. Na hapo tukakwama, maana barua ya pili ilitaka neno ambalo dada hakuweza kulitoa. Aliketi, akafungua mdomo, akafunga. Kusema mama yangu anakufa, kwa kinywa chako mwenyewe, na yu hai, anakusikia: huo ni uchuro, ni kama kumwitia mauti. Karani alisema, "Niambie kwa Kiswahili tu, mwanangu, mimi nitajua." Dada akatikisa kichwa. Mwisho akanishika mkono, tukaenda nyumbani.

"Ruka ya tatu," ikasema ile sauti. Ilikuwa pumzi tu.

Tulikaa kitandani kwake, dada upande huu, mimi upande ule na penseli. Tulikuwa tukinong'ona. Tulidhani amelala.

"Mwanong'ona nini kama waliovunja sahani?"

Dada akajaribu kumficha, lakini Mama hakuwa mtu wa kufichwa. Ikabidi asimuliwe. Alisikiliza yote macho yamefumba. Nilingoja aseme neno kwangu. Nilikuwa tayari kwa lolote.

"Huyo bwana mkubwa wa mwanangu," akasema, "ana mama?"

"Bila shaka anaye, Mama. Au alikuwa naye."

"Basi mwandikie, mimi nafa. Ataelewa."

"Mama!" Dada akaruka. "Usijichurie, Mama, tafadhali!"

"Nijichurie nini, na mtoa roho mwenyewe ameketi hapa kitandani tangu mwezi mtukufu? Yuwala uji wangu." Akacheka, na kucheka kukamuumiza, tukangoja kupite. "Andika, mwanangu. Mimi ni mama wa huyu kijana. Mimi nafa. Mpe ruhusa nimuone. Waandika?"

"Naandika, Mama."

"Na umwambie mwanangu, ngazi ya tatu imeoza. Asije akaingia mbio kama kawaida yake. Mwambie hii si ile aliyoiacha. Mwambie aitazame kwanza, aruke, na mimi nitakuwa hapa, sendi popote. Umeandika?"

"Nimeandika yote, Mama."

"Haya. Sasa tieni hayo mapambo yenu ya Kizungu."

Nilirudi ofisini mbio. Karani akasema, "Leo tuanze juu." Nikapiga sentensi tatu. Mimi ni mama wa huyu kijana. Mimi nafa. Mpe ruhusa nimuone. Kidole kilikuwa juu ya herufi ya kuanzia ile ya ngazi, nikasimama. Nilijiambia, kilichotuponza ni maneno ya nyumbani. Bosi wa Marekani na ngazi ya Mji wa Kale wapi na wapi? Ataona tena tunamchezea. Mimi niliyeacha salamu zote ziingie safari ile, safari hii nilifunga mlango kabisa. Sikumuuliza Karani, wala sikumuuliza dada, naye alidhani yote yameandikwa. Karatasi ya penseli niliikunja nikaitia ndani ya daftari, upande wa Marekani.

Faksi ikaenda saa nane. Kesho yake mwana akapiga simu: ruhusa amepewa palepale. Yule bosi aliinuka akamshika mkono, akamwambia alikuwa na mama naye. Sasa anatafuta ndege.

Akaitafuta Alhamisi, Ijumaa, akaipata ya Jumatano inayofuata.

Mama alikufa hiyo Jumatano, baada ya adhuhuri. Nilikuwa ofisini, nilijua kwa viatu vilivyoanza kupita dirishani, vingi, vyote upande mmoja. Alizikwa siku ileile kabla ya jua kutua, kama itakiwavyo. Mwanawe wakati huo alikuwa hewani, au kwenye kiti cha uwanja wa ndege fulani akingojea ndege nyengine, na hakuna simu inayomfikia mtu huko. Zile siku tisa zilizopotea kwa barua ya kwanza nilizihesabu kwa vidole vya mikono nikabakiwa na kimoja.

Ijumaa nilikuwa ghorofani matangani pamoja na kina mama. Tumekaa mikekani, juzuu zimegawanywa, kila mtu anasoma yake kwa chini. Dada alikuwa pembeni amejifunika kanga mpaka usoni. Wanaume waliokuwa wakikaa kwenye mabenchi huko nje, ambao kazi yao ni kumpokea mgeni na kumpa mkono wa tanzia kabla hajaingia, walikuwa wameondoka wote. Ilikuwa sala ya Ijumaa. Mabenchi yalikuwa matupu, na ujia mzima hauna mtu.

Nikasikia teksi. Nikasikia kitu kizito kikiwekwa kizingitini. Halafu sauti ya mwanamume, nene, ambayo sikuwahi kuisikia maishani na niliijua papo hapo.

"Hodi! Mama, nimekuja!"

Kisomo kikakatika chumba kizima. Kina mama walitazamana. Hakuna aliyejibu, maana hodi ile haikuwa yetu. Na mimi nilijua kinachofuata ni nini. Ndani ya nyumba ile, miaka yote, neno lile lilikuwa na mwenyewe. Nilifungua mdomo. Nikasikia mguu wa kwanza, nikasikia wa pili.

Mbao ikavunjika kwa mlio kama wa nazi.

Dada ndiye aliyeshuka. Mimi nilisimama juu pale ukutani. Kijana alikuwa ameketi kwenye ngazi, mguu mmoja umezama mpaka gotini, koti la baridi bado amelivaa, anajaribu kucheka. "Mbona hamkuniambia?" akasema. Halafu akainua macho akaona kanga ya dadake, na nyuma yetu zile kanga zote.

"Lini?" akauliza.

"Juzi."

Hakuutoa mguu. Alikaa hivyohivyo, mkono ameweka juu ya ngazi ya nne, anaipapasa, kama mtu anayetafuta kitu gizani. Waliotoka msikitini ndio waliomnyanyua.

Baada ya khitma, watu walipopungua, nilimletea ile karatasi ya penseli. Alikuwa barazani, mguu umefungwa kitambaa. Nilimwambia mimi ni nani. Nilimwambia barua zote mbili nilizipiga mimi, na hiki nilikiacha, na kwa nini. Aliisoma polepole. Nilisoma naye kutoka mbali, naijua kwa moyo: mwambie aitazame kwanza, aruke, na mimi nitakuwa hapa.

"Ni kweli," akasema mwisho. "Bosi haimhusu."

Akaingiza mkono ndani ya koti akatoa karatasi nyengine. Ilikuwa ile faksi ya kwanza, wino umeshaanza kufifia. Bosi wake alikuwa amezungushia kalamu mstari mmoja, na sikuhitaji kukaribia kuujua.

"Mimi nilipouona mstari huu nilijua ni barua ya kwetu kweli," akasema. "Nikamwambia, Bwana, hii ni hodi tu. Mwenye nyumba hajasema bado. Hakunifahamu." Akazikunja karatasi mbili pamoja akazitia mfukoni. Hakunilaumu, wala hakuniambia nisijilaumu. Aliniuliza kama hapo karibu kuna muuza mbao.

Siku mbili kabla ya kurudi aliitengeneza. Nilikuwa nikimsikia kutoka ofisini, nyundo inapiga, inanyamaza kitambo, inapiga tena. Karani aliacha mlango wazi. Siku hiyo hatukufanya kesi yoyote.

Daftari bado ninalo. Barua zinakuja vilevile, na upande wa Marekani umejaa kuliko wa kushoto. Siku hizi tunazikagua kutoka chini kama zamani, halafu Karani huvua miwani na kusema, "Sasa nisomee kama mtu," nami nasoma kuanzia juu. Mchana napanda kumpelekea dada chakula, maana naye akiachwa na kofia zake husahau kula. Ngazi ya tatu ndiyo nzima kuliko zote, mbao mpya nyeupe katikati ya zile za kale. Watu wote wanaikanyaga. Mimi nikifika mlangoni husimama kidogo kwanza, halafu nikapanda, na mguu wangu bado unairuka.